Ukopaji na Ubunifu katika Bunilizi za Kisayansi: Funzo la Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati na Jericho, vijana hukopa maneno bila ya kutawaliwa nayo. Nomino ya Kiingereza yenye maana ya sahani imekuwa kitenzi cha Sheng: kudishi, yaani kula. Mzizi ni wa kigeni. Viambishi na maana ni vya wenyeji.

Kipimo hicho chafaa pia kwa bunilizi za kisayansi za televisheni na sinema. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009), inatumia wazo la mji uliofungwa na kulindwa, lililokwisha kuonekana katika THX 1138 (1971) ya George Lucas. Lakini Kahiu amelitia katika Afrika Mashariki iliyokaushwa na vita vya maji, ambako hata jasho husafishwa linywewe. Wazo la kukopa limepata maana mpya.

Hata hivyo, ingawa anwani ni ya Kiswahili na jamii yaitwa Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, wahusika huwasiliana kwa Kiingereza. Basi penye upungufu si katika wazo lililokopwa, bali katika lugha iliyoachwa. Na hapo ndipo waandishi wanapoweza kujifunza kwa vijana wa Eastlands.