Nani Ameionja?

Krismasi iliyopita binamu yangu alitutengenezea vikombe vya barafu kwao Wote, Makueni. Si kazi kubwa. Unaweka kikombe kidogo cha plastiki ndani ya kikubwa, unatia vijiwe kwenye kile kidogo kisielee, unajaza maji katikati, halafu unaiachia friji usiku kucha, stima isipopotea. Asubuhi unavichovya kwenye maji ya uvuguvugu, vinachomoka. Kila mtu chake: unameza vodka, unatupa kikombe.

Susu alitutazama, akauliza, "Na hiyo, nani ameionja?"

Tulicheka. Lakini swali lake lina historia.

Zamani Ukambani, kikombe cha pombe kilianzia shambani. Kibuyu kilikomaa, kikakaushwa, kikapasuliwa katikati na kukwanguliwa ndani. Nusu hiyo ndiyo nzele. Ikipata ufa, ilishonwa. Humo ilitiwa uki, pombe ya asali au ya maji ya miwa, iliyochachishwa kwa matunda makavu ya muatine. Kiasi kilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeandika kitabu kuhusu Wakamba kilichotoka 1920, alikuta pombe ikiwa ya wazee. Vijana kama sisi tungekaa kando.

Sisemi ilikuwa haki. Wazee walijipendelea, hilo liko wazi. Ila Susu anasema kwao mwenye pombe alionja kwanza mbele ya wageni, ndipo nzele ikazunguka. Kinywa chake kilikuwa dhamana.

Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo. Chang'aa ilikuwa imehalalishwa tangu 2010, mradi itengenezwe kwa viwango. Lakini kiwango hukioni kwa macho, na aliyeitengeneza ile ya Mei hakuwa hapo kuionja. Mjomba wangu wa Kitui alinunua yake, akainywa peke yake. Alipona, lakini macho hayakurudi.

Siku hiyo ya Krismasi alikuwa nasi. Nilimpa kikombe kimoja akishike. Akakizungusha, akacheka kwa baridi, akasema, "Nitilie maji tu."

Nikatia. Nikaonja kwanza, nikamwambia nimeonja, ndipo nikamwekea mkononi.