Utafiti wa silaha za nyuklia na usalama wa kimataifa

Utafiti wa silaha za nyuklia na usalama wa kimataifa ni tawi la taaluma ya uhusiano wa kimataifa linalochunguza jinsi silaha hizo zinavyobadilisha vita, amani na mwenendo wa madola. Swali lake kuu lina umri sawa na bomu lenyewe: je, silaha hii humlinda anayeimiliki, au humhatarisha yeye pamoja na wengine wote?

Mwaka 1946 Bernard Brodie wa Chuo Kikuu cha Yale alihariri kitabu kilichodai kwamba kazi ya majeshi haikuwa tena kushinda vita bali kuviepusha. Hapo ndipo ilipoota nadharia ya kuzuiana: adui hathubutu kushambulia akijua atalipiziwa pigo asiloweza kulihimili. Wataalamu wa taasisi ya RAND, California, waliipalilia. Mmoja wao, Albert Wohlstetter, alionya mwaka 1959 kwamba kuwa na mabomu tu hakutoshi. Lazima yanusurike shambulio la kwanza, la sivyo yatamshawishi adui awahi kupiga. Mchumi Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, alichambua vitisho vya nyuklia kama aina ya majadiliano ambamo kila upande hupima ujasiri wa mwenzake.

Mwaka 1981 Kenneth Waltz alikwenda mbali zaidi. Kwake, silaha hizi zikienea polepole katika nchi nyingi, amani ingeimarika, kwa kuwa hakuna kiongozi anayetaka kuangamia. Scott Sagan wa Chuo Kikuu cha Stanford alimpinga kwa kuhamisha macho kutoka kwa viongozi hadi kwa mashirika yanayozitunza: walinzi, marubani, mafundi na kanuni zao. Kitabu chake cha mwaka 1993 kilifukua ajali nyingi katika nyaraka za jeshi la Marekani. Usiku wa 25 Oktoba 1962, katikati ya mgogoro wa Kuba, mlinzi wa kituo cha kijeshi cha Duluth, Minnesota, alikifyatulia risasi kivuli kilichokuwa kikiparamia uzio. Kengele zikalia katika vituo vya jirani. Katika uwanja wa Volk, Wisconsin, kengele ilikuwa imeunganishwa vibaya. Badala ya kuonya juu ya hujuma, iliwaamuru marubani waruke na ndege zilizobeba silaha za nyuklia. Walisimamishwa kabla ya kupaa. Aliyeparamia uzio alikuwa dubu. Mantiki ya Waltz ni safi, lakini haina jibu la kutosha kwa usiku kama huo.

Wengine wameuliza kwa nini bomu halijatumiwa vitani tangu Nagasaki. Nina Tannenwald, katika kitabu cha mwaka 2007, anasema hofu ya kulipiziwa haielezi yote: umejengeka mwiko unaowafedhehesha watakaolitumia. Wanasayansi wa hali ya hewa nao wamechunguza moshi wa miji inayoungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vita vya nyuklia kati ya India na Pakistan vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2, wengi wao katika nchi zisizohusika kabisa na ugomvi huo.

Sauti ya Afrika katika mjadala huu ilikuwa ya Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Katika mihadhara ya Reith ya BBC, mwaka 1979, alitetea haki ya Afrika kumiliki bomu. Shabaha yake haikuwa ile ya Waltz. Aliamini kwamba wakubwa wangekubali kuziteketeza silaha zote pale tu ukiritimba wao utakapovunjwa.

Bara lilichagua njia nyingine. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuyavunja mabomu yake 6, jambo ambalo Rais F. W. de Klerk alilitangaza mwaka 1993. Nyaraka nyingi za mpango huo ziliharibiwa kwa amri, hivyo wanahistoria wanaouchunguza hutegemea sana ushuhuda wa wahandisi, wanasiasa na maofisa waliohusika.