Kidole, Jino na Bamba: Historia ya Upau wa Kukatia Majani na Funzo Lake kwa Wafasiri

Rasimu moja ya mwongozo wa mashine ya kukatia majani ya mifugo ilipata kuletwa mezani petu ili istilahi zake zikaguliwe. Ndani yake mlikuwa na sentensi fupi iliyomtaka fundi akague kinga za upau na kuzibadili zikichakaa. Sarufi ya sentensi hiyo haikuwa na ila. Hata hivyo, fundi mmoja tuliyemsomea alituuliza swali ambalo siku ile hatukuwa na jibu lake: kinga iliyochubuka ina ubaya gani, maadamu bado inakinga? Swali hilo ndilo lililotupeleka kwenye historia ya chombo chenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyakuta huko, na jinsi yalivyotulazimisha kubadili istilahi.

Yafaa kwanza tueleze chombo tunachokizungumzia. Upau wa kukatia hulala karibu na ardhi, aghalabu ubavuni mwa trekta. Una sehemu mbili kuu. Ya kwanza imetulia: ni ukanda wa chuma uliofungwa safu ya vyuma vilivyochongoka kuelekea mbele, mfano wa vidole vya mkono uliokunjuliwa. Ya pili inakwenda: ni utepe mrefu wa chuma uliopigiliwa mabapa ya pembetatu yenye makali, nao hupita katika pengo lililomo ndani ya vyuma vile, ukienda kulia na kurudi kushoto kwa upesi mkubwa. Vyuma vile vilivyotulia ndivyo mfasiri wa rasimu alivyoviita kinga, kwa sababu Kiingereza cha Marekani huviita kwa neno lenye maana ya mlinzi.

Ili kuelewa kazi ya vyuma hivyo, hatuna budi kuanzia kwenye mundu. Avunaye kwa mundu hutumia mikono miwili. Mkono wa kulia huvuta makali, na wa kushoto hushika mabua yasilale. Bila ya mkono wa kushoto mundu huyainamisha tu mabua na kupita juu yake. Kwa hiyo, waliotaka kuunda mashine ya kuvunia katika karne ya 19 walikabiliwa na maswali mawili: nini kitakata, na nini kitashika?

Huko Skotlandi, Patrick Bell, aliyekuwa akisomea uchungaji wa kanisa, aliyajibu maswali hayo kwa mkasi. Mashine yake, iliyojaribiwa shambani mwaka 1828, ilikuwa na safu ya mikasi mbele, na farasi waliisukuma kutoka nyuma. Katika kila mkasi ubapa wa chini ulitulia na wa juu ukacheza. Bell hakuomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa uvumbuzi wake.

Nchini Marekani majibu yalikuwa mawili. Cyrus McCormick wa Virginia, aliyeijaribu mashine yake mwaka 1831 na kupata hataza mwaka 1834, alitumia ubapa mmoja mrefu wenye meno madogo mfano wa msumeno. Mbele yake aliweka vidole vya kushika mabua. Hapa vidole vilifanya kazi ya mkono wa kushoto. Obed Hussey, aliyepata hataza tarehe 31 Desemba 1833, alikwenda hatua moja mbele. Yeye aliupigilia utepe wake mabapa ya pembetatu, na kuupitisha ndani ya pengo la vidole. Kila pembetatu ilipoingia katika kidole, makali yake yalikutana na ukingo wa kidole, na bua lililokuwa katikati likakatwa kama kwa mkasi. Kwa namna hiyo mkono wa kushoto wa mvunaji na ubapa wa pili wa mkasi viliungana katika chuma kimoja.

Mashine za wote wawili zilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. McCormick ndiye aliyepata utajiri na jina; Hussey alikufa mwaka 1860 katika ajali ya garimoshi. Lakini mtindo wa Hussey wa kukata ndio ulioenea, hasa katika ukataji wa majani, ambayo ni mororo na husongamana kuliko mabua ya ngano. Baadaye ukingo wa kidole uliongezewa bamba dogo la chuma kigumu cha pua, ili makali ya upande uliotulia yaweze kubadilishwa peke yake yakiisha. Upau unaofungwa kwenye trekta leo ungali unafuata kanuni hiyo.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali la fundi. Chuma kile hulinda kweli, kwa maana hupokea pigo la jiwe kabla halijafika kwenye makali yanayocheza. Walakini hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kukata. Fundi aliyeambiwa kwamba hiyo ni kinga, akiona majani yanatafunwa badala ya kukatwa, atanoa pembetatu, kisha atazibadili, kisha atazibadili tena, wala hatashuku bamba lililoviringika ukingo. Atakuwa amenoa nusu moja ya mkasi na kuiacha nusu ya pili butu. Fedha zitakwenda, na majani yatapita wakati wake yakisubiri.

Kanuni za kurekebisha upau nazo zinaeleweka vyema mtu akikumbuka mkasi. Kwanza, pembetatu sharti zilale juu ya mabamba bila ya mwanya, kwani mkasi uliolegea msumari hukunja kitambaa. Kazi hiyo hufanywa na vibanio vinavyoukandamiza utepe kutoka juu, navyo hugongwa kwa nyundo kidogo kidogo, mpaka utepe ukae karibu na mabamba lakini bado uteleze. Kidole kilichopinda nacho hugongwa hata mabamba yote yawe katika mstari mmoja. Pili, utepe ufikapo mwisho wa mwendo wake, kila upande, ncha ya kila pembetatu iwe katikati ya kidole. Katika mashine nyingi vidole hupishana kwa milimita 76, na mwendo wa utepe ni huo huo. Ukipungua upande mmoja, majani mengine hayakatwi sawasawa. Tatu, ncha ya nje ya upau hutangulizwa mbele kidogo ya ncha ya ndani, yapata sentimita 2 kwa kila mita 1 ya urefu, kwa sababu uzito wa majani huirudisha nyuma wakati wa kazi.

Pembetatu iliyovunjika haing'olewi kwa patasi. Utepe hulazwa juu ya jiliwa lililoachwa wazi kidogo, pembetatu ikining'inia kati ya taya zake. Kisha mgongo wa pembetatu hupigwa nyundo mpaka ribiti zikatike, na mpya hupigiliwa mahali pake.

Kutokana na hayo tulifikia istilahi zifuatazo. Chuma kilichotulia tunapendekeza kiitwe kidole. Waingereza wenyewe, Wafaransa na Wajerumani hukiita hivyo katika lugha zao, na sura yake inajieleza. Pembetatu inayocheza iitwe jino, na utepe pamoja na meno yake uitwe kisu. Chuma kigumu kilichomo ndani ya kidole kiitwe bamba la makali. Neno makali hapa si pambo. Ndilo linalomwambia fundi kwamba kitu hiki hukata, na kwa hiyo huisha.

Hatukosi kuona kwamba neno kidole lina hatari yake. Onyo la kumtaka mtu asitie vidole kati ya vidole linaweza kuchekesha, na onyo linalochekesha halimlindi mtu. Kisu kilichokwama huweza kuchomoka ghafla hata injini ikiwa imezimwa, nalo jino halibagui kidole cha chuma na cha mtu. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba katika maonyo yote mfasiri atumie neno mkono kwa kiungo cha mwanadamu, na neno kidole aliache kwa chuma peke yake.

Uamuzi huo ulitubana mahali pengine. Kuna fimbo inayounganisha gurudumu na kisu, ambayo wengi hupenda kuiita mkono. Neno lake la Kiingereza lina historia ya kupendeza: lilikuwa jina la mtu aliyesimama shimoni akivuta msumeno mkubwa, mwenzake akiwa juu ya gogo. Wapasua mbao wetu wanamfahamu mtu huyo vizuri, maana kazi hiyo imefanywa huku kwa mtindo uo huo. Hata hivyo, kufasiri neno hilo kwa jina la mtu kungeleta fumbo, na kuliita mkono kungevuruga maonyo. Tumependekeza fimbo ya kisu, basi.

Wafasiri wa miongozo hufanya kazi kwa haraka, tena mara nyingi bila ya kukiona chombo. Hatuwalaumu. Tunachowaomba ni kuuliza, kabla ya kufasiri jina la kifaa, kifaa hicho kinafanya kazi gani na kilianzaje kuifanya, kwa kuwa jina lililozoeleka katika lugha ya asili huweza kutaja nusu tu ya kazi hiyo. Sentensi ya rasimu ile, baada ya kusahihishwa, inasomeka hivi: Kagua bamba la makali la kila kidole, ukingo wake ukiwa umeviringika, libadili, hata kama meno ya kisu ni mapya. Tulimsomea tena fundi yule. Safari hii aliuliza mabamba hayo yanapatikana duka gani.