Fasili ya Kigali: Historia ya Kumhesabu Mgonjwa Asiye na Mashine

Kwa muda wa wiki 6, watafiti katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu jijini Kigali, ijulikanayo zaidi kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CHUK, walimkagua kila mgonjwa mtu mzima ili kubaini upungufu wa oksijeni mwilini. Wagonjwa waliokaguliwa walikuwa 1046. Kwa vigezo vya kimataifa vya wakati huo, waliopatikana na dhiki kali ya upumuaji, yaani hali ya ghafla ya mapafu yote mawili kujaa majimaji ya uvimbe na kushindwa kupitisha oksijeni, hawakufika hata mmoja. Kwa vigezo vilivyorekebishwa kulingana na mazingira ya hospitali hiyo, walikuwa 42, sawa na asilimia 4. Nusu ya hao 42 walifia hospitalini. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 37.

Sifuri ile ndiyo inayostahili kuchunguzwa kihistoria, kwa maana haikutokana na uzembe wa daktari yeyote. Ilikuwa imeandikwa ndani ya fasili yenyewe.

Hali hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, pale Ashbaugh na wenzake wa Denver, Marekani, walipochapisha katika jarida la The Lancet taarifa za wagonjwa 12. Miongoni mwa yaliyoonekana kuwafaa baadhi yao ni mashine ya kupumulia iliyobakiza shinikizo katika mapafu mwishoni mwa kila pumzi. Tangu mwanzo, basi, ugonjwa na mashine vilisimuliwa pamoja. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikubaliana juu ya fasili ya pamoja. Ni mwaka uleule ambao Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yaliiacha Rwanda na hospitali zilizopoteza wahudumu wengi kwa kifo na ukimbizi. Fasili ya 1994 haikudai shinikizo la mashine. Dai hilo liliingizwa na Fasili ya Berlin ya mwaka 2012: mgonjwa awe kwenye shinikizo lisilopungua sentimita 5 za maji, oksijeni ipimwe katika damu ya ateri, na mapafu yaonekane kwa eksirei au picha ya kompyuta. Nia ilikuwa njema, kwani kipimo cha oksijeni hubadilika kulingana na shinikizo analopewa mgonjwa. Hata hivyo, ulinganifu huo ulipatikana kwa kumwacha nje yeyote aliyelala wodini akivuta oksijeni kwa mpira wa puani.

Utafiti wa Kigali, uliochapishwa mwaka 2016 na Elisabeth Riviello na wenzake, akiwemo Theogene Twagirumugabe, uligeuza mambo matatu. Sharti la shinikizo liliondolewa. Kipimo cha damu ya ateri kilibadilishwa kwa kipimo cha kidoleni, uwiano usiozidi 315 ukichukua nafasi ya 300 ya Berlin. Ultrasaundi ya mapafu ilikubaliwa pale ambapo eksirei haikupatikana. Chini ya theluthi moja ya wale 42 walipata kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwaka huohuo ulitoka uchunguzi mkubwa wa vyumba vya wagonjwa mahututi 459 katika nchi 50. Kwa upana wake wote, uchunguzi huo uliishia mlangoni mwa vyumba hivyo. Mgonjwa wa wodi ya kawaida hakuwa na mahali ndani yake.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzito. Je, waliohesabiwa Kigali walikuwa na ugonjwa uleule? Na kumtaja mgonjwa kwa jina la ugonjwa kunamfaa nini ikiwa tiba iliyothibitishwa haimfikii? Jaribio maarufu la Marekani la mwaka 2000 lilionyesha kwamba kupunguza ujazo wa kila pumzi hadi mililita 6 kwa kilo kulishusha vifo kutoka asilimia 39.8 hadi 31.0, lakini hiyo ni tiba ya aliye kwenye mashine.

Swali la pili lina jibu katika Afrika Mashariki yenyewe. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliwahusisha watoto 3141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama miongozo ya nchi tajiri ilivyohimiza, kuliongeza vifo: takribani asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Jaribio la watu wazima jijini Lusaka lililochapishwa mwaka 2017 lilielekea kulekule. Tiba haiwezi kupimwa kwa wagonjwa ambao fasili imekataa kuwaona. Kuhesabu, kwa hiyo, si anasa ya watafiti. Ni hatua inayotangulia jaribio lolote.

Janga la Uviko-19 lilifanya kwa haraka kile ambacho hoja zilishindwa. Kuanzia mwaka 2020, hata hospitali za Ulaya zilijaa wagonjwa mahututi wasio kwenye mashine, na Berlin haikuwatosha. Fasili mpya ya kimataifa, iliyochapishwa mwaka 2024, ilipokea kipimo cha kidoleni na ultrasaundi kwa wote, na kwa mazingira yenye uhaba ikaondoa sharti la shinikizo, kama Kigali ilivyofanya.

Ushindi huo una dosari ambayo washauri wa sera wasiipite. Mwezi Desemba 2020, utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo cha kidoleni kilisoma asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88 katika damu ya ateri. Kwa Weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa kilichomwingiza mgonjwa wa Kigali katika hesabu kinaweza bado kuwaacha wengine nje, na njia ya kuwagundua ni kile kipimo cha damu ya ateri ambacho fasili mpya imewaruhusu wapangaji wa bajeti kutokinunua.