Ganda la pili la tunda

Wadau, mmewahi kujiuliza kwa nini papai zima hukaa siku kadhaa, lakini ukilikata asubuhi, jioni limeshachacha? Tunda likichumwa linaendelea kupumua. Ganda ndilo mlinzi wake: linazuia maji yasikauke na vijidudu visiingie. Kisu kikipita, mlinzi kaondoka. Tofaa na ndizi ndiyo usiseme, hugeuka kahawia kwa sababu kimeng'enya kilichomo kimekutana na oksijeni.

Ukipekua historia utaona binadamu kahangaika sana na ganda hili. Wachina wa karne ya 12 na 13 walichovya machungwa na malimau kwenye nta. Sababu hasa hawakuijua, waliona tu yanadumu. Sayansi ilikuja miaka ya 1920 kule Cambridge, Uingereza. Franklin Kidd na Cyril West walionyesha kuwa ukipunguza oksijeni na kuongeza kabonidayoksaidi, tofaa hupumua polepole na kudumu zaidi. Mwaka 1927 William Hale Charch wa DuPont, Marekani, akapata selofani isiyopitisha unyevu. Vifungashio vya leo vinafuata elimu hiyo hiyo.

Kwa matunda yaliyokatwa, jibu moja lilikuwa kuchovya vipande kwenye mchanganyiko wa vitamini C na kalsiamu: rangi inabaki, kipande hakilegei. Mwaka 2004 McDonald's ya Marekani ikaanza kuuza vipande vya tofaa kwenye vifuko.

Sasa hoja yangu. Watafiti wanatengeneza pia utando mwembamba unaolika pamoja na tunda. Malighafi yake mojawapo ni karajinani, inayotoka kwenye mwani. Mwani wa aina hiyo unalimwa Zanzibar, Paje na Jambiani, tangu 1989, na wakulima wengi ni akina mama. Unakaushwa, halafu sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi. Huku nyuma, muuza matunda wa Kariakoo anamwaga jioni mtaji aliokata asubuhi.

Tusidanganyane, utando hauoshi kisu kichafu wala hauchukui nafasi ya maji safi na barafu. Lakini mwani tunao, matunda tunayo, na maabara za vyuo vikuu tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha mama wa Paje, mtafiti na muuza matunda. Je, tusubiri mwani wetu uturudie kwenye kifuko cha dukani, kwa bei ya dukani?

Naomba kuwasilisha.