Irada Mbili za Kristo

Tangu Mtaguso wa Kalsedonia ulipokiri, mwaka 451, ya kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya uungu na ya ubinadamu, zisizochanganyika wala kutengana, wengi wamedhani kwamba mjadala ulifungwa. Kumbe swali linalomgusa muumini karibu zaidi lilikuwa bado kuulizwa, yaani kama huyo mwenye asili mbili alikuwa na irada moja au mbili.

Kaizari Heraclius, akitamani kuwapatanisha na dola yake Wakristo wa Misri, Shamu na Armenia walioikataa Kalsedonia, alitoa mwaka 638 tamko lililoandikwa na Patriarki Sergius, lililoamuru kukiri irada moja tu. Haja ya umoja ilikuwa ya haki, lakini thamani iliyotakiwa ilikuwa ubinadamu wenyewe wa Bwana. Na aliyelitambua hilo kwa uwazi kuliko wote ni mtawa Maximus, ambaye mwaka 645, huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, alijadiliana hadharani na Pyrrhus, aliyekuwa amerithi kiti cha Sergius.

Na tumtazame Kristo katika Bustani ya Gethsemane: amejitenga na wanafunzi wake kadiri ya mtupo wa jiwe, amepiga magoti, jasho lake ladondoka kama matone ya damu, naye aomba kikombe kimwondokee, kisha asalimu amri kwa mapenzi ya Baba. Ikiwa hakuwa na irada ila ile ya uungu, ambayo ni moja na ya Baba, basi ni nani aliyeomba, na ni nani aliyetii? Wapinzani walihoji kwamba irada mbili lazima zigombane. Maximus alijibu, nami naona jibu lake halijavunjwa hata leo, kwamba irada ni ya asili wala si ya nafsi, ama sivyo Utatu Mtakatifu ungekuwa na irada tatu. Tena kuhofu mauti si dhambi, bali ni tabia aliyoiumba Mungu katika kila kilicho hai. Aidha Gregori wa Nazianzo alikwisha kufundisha, dhidi ya Apollinaris, kwamba lisilotwaliwa na Kristo halikuponywa. Na Adamu aliasi kwa kitu gani, kama si kwa irada yake?

Kwa hoja hiyo Papa Martin wa Kwanza alikamatwa, akafa uhamishoni mwaka 655, naye Maximus alikatwa ulimi na mkono wa kuume mwaka 662, akafa mwaka huo huo katika nchi ya Lazica, kabla Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 haujaithibitisha imani ya irada mbili.

Nawasihi basi wahubiri wetu, inapofika Alhamisi Kuu, waache kuwaambia waumini kwamba Bwana aliomba vile ili kutupa mfano tu: aliogopa kweli, na kwa hiari ya kibinadamu alikubali kweli.