Bafa inapokauka, bafa inapofurika

Msikilizaji wa Gatete, upande wa Rumonge, akifungua redio ya intaneti kwenye kompyuta, husubiri kidogo kabla sauti haijaanza kutoka. Watu husema "inazunguka", kwa sababu ya kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Muda huo haupotei bure. Programu inajaza bafa.

Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo data hukaa kitambo kidogo, kati ya chombo kinachoileta na kile kinachoitumia. Ni kama pipa la maji katika nyumba ambayo bomba lake hutoka kwa vipindi: wenyeji huchota kwenye pipa, hata bomba linapokoma. Redio inayotiririshwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia kilobaiti 8 kila sekunde, kwa hiyo bafa ya sekunde 5 ina kilobaiti 40 tu. Mtandao ukisita sekunde 3, msikilizaji hatambui. Ukisita sekunde 7, bafa inakauka na sauti inakatika.

Burundi haina bahari. Data yake hupita katika nyaya za nchi jirani kabla ya kufikia zile za baharini, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na mtumiaji wa simu hugawana mnara mmoja na jirani zake wote. Hapo bafa ndogo hukauka upesi.

Warundi wana sababu nzito ya kujali sauti inayopita mtandaoni. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya redio vya Bujumbura kama Radio Publique Africaine, Bonesha FM na Isanganiro vilishambuliwa na kunyamazishwa. Baadhi ya waandishi waliokimbilia Kigali walianzisha redio za mtandaoni za Inzamba na Humura, wakituma taarifa zilizokwisha kurekodiwa kupitia SoundCloud na WhatsApp. Faili la WhatsApp hupakuliwa lote ndipo lisikilizwe, hivyo hata mtandao ukisuasua, taarifa haikatikikatiki. Matangazo ya moja kwa moja hayana nafasi hiyo, na anayetaka kuyahifadhi lazima ayarekodi yanapopita.

Katika kurekodi huko kuna bafa ya pili, nayo ndiyo inayosahaulika. Sauti ya kawaida hugawanywa katika sampuli 44,100 kwa sekunde. Programu ya kurekodi huzipokea kwa mafungu, na fungu la sampuli 512 hubeba milisekunde 12 hivi. Prosesa ikishughulika na jambo jingine kwa milisekunde 30, sampuli mpya zinafika huku zile za awali hazijaondolewa. Bafa hii haikauki. Inafurika, na kinachomwagika hakirudi.

Kwa hiyo kusema tu "sauti inakatakata" hakutoshi. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotenganisha matatizo haya barabara: bafa ya mtandao hukauka, bafa ya kurekodi hufurika. Wapo watakaopendelea neno akiba badala ya bafa, nalo ni zuri, lakini kwenye kompyuta tayari lina kazi yake katika "nakala ya akiba", kitu kinachotunzwa kisipotee. Data ya bafa huingia na kutoka papo hapo. Bafa ibaki bafa.

Kujua ni bafa ipi yenye kasoro ni rahisi. Matangazo yasikilizwe kwanza bila kurekodi. Yakikatika, tatizo liko kwenye mtandao: msikilizaji aongeze muda wa bafa katika programu ya kusikilizia (VLC inaruhusu), au achague mkondo wa kilobiti chache zaidi. Yakitiririka vizuri lakini rekodi ikatoka na mikwaruzo na maneno yaliyorukwa, kompyuta ndiyo inayochelewa. Hapo aongeze ukubwa wa bafa ya sauti. Sampuli 4,096 humpa prosesa karibu milisekunde 93 za kupumua. Katika programu ya kurekodi ya Audacity mpangilio huo umo kwenye mapendeleo ya sauti. Afunge pia programu nyingine, na arekodi kwenye diski ya ndani badala ya flashi.

Umeme nao unahusika. Ukikatika, laptopu huhamia kwenye betri na mara nyingi hupunguza kasi ya prosesa ili kuokoa chaji. Rekodi iliyoanza safi inaweza kuharibika katikati hata kama mtandao haukuyumba. Mpangilio wa nishati uwekwe kwenye utendaji wa juu kabla ya kipindi kuanza.

Ipo njia inayoikwepa kabisa bafa ya pili: kuhifadhi mkondo wenyewe kama ulivyofika, bila kuupitisha kwenye kadi ya sauti. Programu za VLC na ffmpeg hufanya hivyo. Saa nzima ya kilobiti 64 huchukua megabaiti 29 hivi, ilhali sauti ya stirio isiyobanwa ingekula zaidi ya megabaiti 600.